Maswali ambayo wageni hutuuliza kila wiki: hoteli yetu kando ya Ziwa Naivasha

Ukurasa huu tumeuandika sisi tunaopokea simu na kufungua geti. Maswali tumeyaacha jinsi wageni wanavyoyauliza. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, hasa yale ya viboko.

Hoteli iko wapi, na nitafikaje?

Tuko upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, kando ya barabara ya Moi South Lake. Kutoka Nairobi hadi Naivasha mjini ni kama kilomita 90. Mwenye gari ana njia mbili, ya juu na ile ya chini inayopitia Mai Mahiu. Ya chini ina malori mengi lakini inakuonyesha Bonde la Ufa lote likiwa limelala mbele yako, basi chagua mwenyewe. Wa matatu apande hadi Naivasha mjini, pale abadilishe apande ya Kongoni na kumwambia makanga amshushe getini kwetu. Ukifika usiku, tupigie simu kabla ya kushuka. Sababu utaiona hapo chini.

Tangazo lenu linasema mnaishi kwa upatano na mazingira. Maana yake nini hasa?

Aliyeandika tangazo hilo hayupo hapa siku hizi, kwa hiyo tutajibu kwa niaba yake. Maana yake si kwamba tumepanda maua mengi na kupaka kuta rangi ya kijani. Ziwa lilikuwepo, viboko walikuwepo, mafunjo na migunga vilikuwepo, nasi tulikuja baadaye tukaomba nafasi. Kila siku kuna majadiliano: kiboko anataka nyasi, sisi tunataka bustani, maji yanataka kupanda, sisi tunataka chumba kikauke. Mara nyingi anayehama ni sisi. Ukitaka kujua kama hoteli yoyote ya kando ya ziwa inasema kweli, usisome tangazo lake. Uliza maji ya choo yanakwenda wapi, na uliza walifanya nini maji ya ziwa yalipopanda. Sisi tumejibu yote mawili hapa.

Kutoka chumbani hadi majini ni hatua ngapi?

Inategemea unakuja mwaka gani. Tunajua jibu hili linaudhi, lakini ndilo la kweli.

Naivasha ni ziwa linalotembea. Maji yake mengi huja na mto Malewa, unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua, na kiasi kidogo huja na mto Gilgil. Mto wa kutoka haupo. Mvua ikiwa nyingi kule juu, ziwa linatanuka. Ukame ukija, linajikunja. Mwaka 2009 lilikuwa limepungua sana hata wenzetu waliokuwepo wanakumbuka kukokota boti kwenye tope lililokauka na kupasukapasuka. Baada ya hapo likaanza kurudi, likaendelea kurudi, na kufikia 2020 lilikuwa limemeza mashamba, gati za boti na nyumba za watu mtaa wa Kihoto huko mjini. Hatukuwa peke yetu: Nakuru, Baringo na maziwa mengine ya Bonde la Ufa yalifura miaka hiyohiyo, kwa sababu mvua ilizidi.

Asubuhi moja ya mwaka huo mpishi alifungua stoo ya chini kuchukua unga akakuta vidagaa vinaogelea katikati ya kreti za soda. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akaja ofisini, akasema, "Mzee, stoo si yetu tena." Juma hilo tulianza kubomoa kila tulichokuwa tumejenga karibu na maji na kukipeleka juu. Wazee wa huku hawakushangaa. Mipaka ya mashamba ya kando ya ziwa iliwekwa kwa kufuata kimo cha maji cha mwaka 1906, kimo ambacho wengi waliona hakitarudi, wakajenga chini yake. Nasi tulikuwa miongoni mwa hao wengi.

Siku hizi hatujengi chochote cha saruji upande wa chini. Gati ni la mbao, limekaa juu ya mapipa, linapanda na kushuka na maji.

Mbona mmeacha miti iliyokufa ndani ya maji? Haipendezi.

Hiyo ni migunga, ile yenye gome la manjano-kijani. Inapenda unyevu, lakini mizizi ikifunikwa na maji muda mrefu hukosa hewa, mti ukafa ukiwa wima. Kila aliyefika Naivasha baada ya 2020 ameiona, safu kwa safu, myeupe kama mifupa.

Mwanzoni hata sisi tuliona aibu, tukataka kuikata. Kisha ndege aina ya mnandi wakaanza kujenga viota juu yake, tele, na furukombe, yule tai mla samaki, akachagua mti mrefu kuliko yote kuwa kibaraza chake cha kuchungulia samaki. Mti mkavu hauna majani ya kumzuia kuona. Tukaweka misumeno chini. Ukikaa kwenye veranda saa kumi na mbili asubuhi utamsikia akiinua kichwa nyuma na kupaza ule mlio wake, na mwenzake akamjibu kutoka ng'ambo. Kengele ya kuamsha wageni hatuna, na hatujawahi kuihitaji.

Ni kweli viboko huingia uani?

Ndiyo. Karibu kila usiku.

Mchana kiboko hukaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua kali. Giza likiingia anatoka kwenda malishoni, na anaweza kula hadi kilo 40 za nyasi kabla ya kurudi majini alfajiri. Sasa fikiria hoteli: nyasi fupi, laini, zinazomwagiliwa hata wakati wa kiangazi. Kwake ni kama harusi isiyohitaji kadi ya mwaliko.

Utamsikia kabla ya kumwona. Kwanza ni mkwaruzo wa nyasi zikinyofolewa, taratibu, kama mtu anayepasua shuka nzito nje ya dirisha lako. Halafu pumzi, nzito na ya karibu kuliko ulivyodhani. Zima taa, sogeza pazia kidogo, subiri macho yazoee giza. Utaona kitu kama jiwe kubwa lililonyeshewa, kisha jiwe litapiga hatua. Wageni wengi hutuambia hilo ndilo lililowalipa safari yote. Lakini watu wameuawa na viboko hapa Naivasha, wavuvi na hata watalii, kwa hiyo masharti yafuatayo hatuyajadili na mtu yeyote, awe mheshimiwa au awe rafiki wa mwenye hoteli:

Saa kumi na mbili na nusu jioni ikipita, hakuna mgeni anayetembea nje peke yake. Pigia mapokezi, askari wa usiku atakuja na tochi akupeleke na kukurudisha. Atakachosema yeye ndicho kitakachofuatwa. Akisema msubiri, mnasubiri, hata kama chakula kinapoa.

Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Akishtuka hukimbilia ziwani, na aliye njiani atapitiwa juu. Usimwone mnene ukadhani hakimbii. Anamshinda mbio mtu wa kawaida.

Usimmulike kwa mwanga wa kamera. Usimtupie kitu. Ukimkuta ghafla, rudi nyuma polepole, ujifiche nyuma ya ukuta au mti mnene.

Si mngejenga ukuta tu?

Tulijaribu kitu karibu na hicho, na ni kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliweka fensi ya umeme kutoka pembe hadi pembe, yenye nyaya nyingi, bila kumuuliza mtu aliyekulia hapa. Viboko wana njia zao, zilezile usiku baada ya usiku, zimechimbika kama mitaro. Fensi yetu ilikata mbili kati yake. Waliivunja mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara ya tatu mmoja alinasa kwenye nyaya akapiga kelele mpaka wageni wakalia. Tukaita watu wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Walipofika alikuwa amejinasua na kuondoka na nguzo moja.

Siku hizi tuna waya mmoja tu wa umeme, kimo cha goti, unaozunguka vyumba na bustani ya mboga. Kiboko ana miguu mifupi, hapendi kuvuka, na waya mmoja unamtosha. Uwanja uliobaki hadi ziwani ni wake usiku na wetu mchana.

Kwa nini usiku kuna giza hivyo?

Taa kali huvuta wadudu wa ziwani kwa malaki, na asubuhi unawafagia kwa ndoo. Pia huwavuruga viboko na ndege. Taa zetu za njiani ni hafifu, za rangi ya manjano, zimeelekezwa chini. Ukilala chali kwenye kiti cha veranda utaelewa faida nyingine, maana nyota za hapa hazina mpinzani.

Tumbili wamechukua ndizi yangu. Nitalipwa?

Hapana. Funga mlango wa veranda. Kibandiko kipo mlangoni, na tumbili ndiye pekee ambaye bado hajakibandua.

Mbega weusi na weupe wanaokaa juu ya miti hawana tabia hiyo. Wao hula majani, na huwatazama tumbili kama wazee wanaotazama vijana wa stendi.

Kwa nini hamfyeki yale mafunjo ili tuone ziwa vizuri?

Kwa sababu tuliwahi kuyafyeka. Picha za hoteli za wakati huo ni nzuri kweli: nyasi, halafu maji, halafu mlima Longonot kwa mbali. Msimu wa mvua ulipokuja, mawimbi ya alasiri yalianza kula ukingo. Kila wiki udongo kidogo, kisha mti wa kwanza ukaanguka. Maji ya karibu yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na wavuvi wakatuambia samaki hawazalii tena pale.

Mafunjo huvunja nguvu ya mawimbi, hushika udongo, huchuja maji yanayoteremka kutoka barabarani na mashambani, na ndani yake ndimo samaki wadogo na ndege hujificha. Kuyarudisha kulituchukua muda mrefu zaidi ya kuyafyeka, kwa mbali. Tumebakiza mlango mmoja mwembamba wa kupitia boti, na mnara mfupi wa mbao kwa anayetaka kuona ziwa lote. Panda pale. Kahawa tutakuletea.

Maji ya bafu na choo yanakwenda wapi?

Laiti kila mgeni angeuliza hili! Yanaingia kwanza kwenye tangi la septiki, uchafu mzito unabaki humo na kunyonywa na lori. Maji yanayotoka yanapita polepole kwenye vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete. Mizizi na vijidudu vinavyoishi juu yake hula kilichobaki. Mwishoni yanamwagilia miti ya upande wa barabarani. Hakuna bomba letu linaloingia ziwani.

Sababu si harufu pekee. Kinyesi na sabuni vina virutubisho, na maji yakipata virutubisho vingi huota mwani na magugu maji. Magugu haya yenye ua la zambarau yaliingia Naivasha mwaka 1988, na upepo ukiyasukuma upande mmoja yanaweza kufunga gati zima ndani ya usiku mmoja. Tukiyatoa, tunayageuza mboji. Kuyamaliza hatuwezi, tusidanganyane.

Kwa hiyo tafadhali tumia sabuni tunayokuwekea, na usitupe chochote chooni ila karatasi.

Kuna maji ya moto?

Yapo, ya sola. Siku ya jua yanatosha hadi usiku. Siku ya mawingu oga mapema, au uombe ndoo jikoni. Hatuoni haya kukuletea ndoo. Naivasha iko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na wanaotoka Mombasa hudhani tunawatania tukiwaambia waje na sweta.

Naweza kuogelea ziwani?

Hapana. Rudia kusoma jibu la viboko.

Boti je? Ni saa ngapi nzuri?

Asubuhi, kabla ya saa nne. Inasemekana jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayochafuka, na ukikaa hadi saa nane mchana utajua Wamaasai walikuwa wamechunguza. Upepo unaanza, na ziwa lililokuwa kioo linakuwa na mawimbi ya kukulowesha hadi kiunoni. Jaketi la kuelea ni lazima, hata kwa mwogeleaji hodari.

Jambo moja tunalotofautiana na wengine. Utaona manahodha wakipiga mluzi, kumwonyesha furukombe samaki, kisha kumtupa majini ili wageni wapige picha ndege akimnyakua. Samaki huyo amekufa tayari, na tumboni ametiwa kipande cha funjo ili aelee. Picha ni nzuri, hatukatai. Lakini boti zetu hazifanyi hivyo. Tai anayesubiri mluzi anaacha kuwinda, na sisi tungependa umwone akiwinda. Huenda ukasubiri dakika 40. Huenda usimwone kabisa, na nahodha atakupigia hadithi.

Samaki wa mezani ni wa ziwa hili?

Ndiyo, tunanunua kwa wavuvi wenye leseni wanaoshusha Kamere, na mwenye samaki wachanga tunamrudisha nao. Lakini hapa tukuondolee dhana moja. Watu husikia neno "asili" wakafikiri kila kilichomo humu kimekuwepo tangu enzi. Samaki pekee wa asili wa Naivasha alikuwa mdogo kama kidole, na hajaonekana tangu 1962. Wengine karibu wote wameletwa. Besi aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa mchezo, na tilapia nao wakaletwa. Kamba wa maji baridi wakaletwa 1970, wakala mimea ya chini ya maji hadi mayungiyungi ya buluu yakatoweka sehemu kubwa ya ziwa. Karibu mwaka 2001 akaonekana kapu (jina la kigeni hilo, halihusiani na kikapu), na leo ndiye anayejaza nyavu. Ana mifupa mingi. Mpishi wetu humchanjachanja kwa kisu chembamba kabla ya kumkaanga, mifupa midogo ikaiva hadi ikalainika. Wa ukwaju na pilipili ndio bora, na kwa hilo hatupokei maoni tofauti.

Ziwa halina mto wa kutoka. Mbona maji si ya chumvi kama Nakuru na Elmenteita?

Kwa sababu yanatoka kwa chini. Hupenya kwenye miamba ya volkano na kwenda zake chini ya ardhi, yakibeba chumvi. Kwa hiyo tuna ziwa la maji baridi katikati ya majirani wa magadi, ndiyo maana kuna viboko, mafunjo na ndege wengi hivi. Aina zilizoorodheshwa eneo hili zinapita 400. Tangu 1995 ziwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Na mashamba ya maua? Si ndiyo yanayolimaliza ziwa?

Swali hili huulizwa na watu waliopita barabarani wakaona mahema meupe ya plastiki kilomita kwa kilomita. Ni kweli mashamba hunywa maji mengi, na mbolea na dawa zikikosa kudhibitiwa huishia ziwani. Ni kweli pia kwamba yanaajiri maelfu ya watu, na kwamba baadhi yamejenga vitanda vya matete vya kusafishia maji vikubwa kuliko vyetu. Wazo lenyewe tulilipata kwa kuwachungulia. Lakini kuna uchafu wa mitaa iliyoota haraka kuliko mabomba ya majitaka, kuna udongo unaotiririka kutoka mashamba ya mlimani, na kuna hoteli. Anayelaumu waridi peke yake hajatembea kando ya Malewa baada ya mvua kubwa.

Mbu na malaria?

Mbu wapo, neti ipo, dawa ya kujipaka tunayo. Kwa kimo hiki malaria si kama ya Kisumu au pwani, ila ukiwa mjamzito au na mtoto mchanga uliza daktari wako. Mgunga hauleti homa. Wazungu wa zamani waliuita mti wa homa kwa kuwa kila walipopiga kambi chini yake waliugua. Kumbe mti na mbu hupenda maji yaleyale.

Mnafanya harusi na muziki?

Harusi ndiyo, mchana. Spika zinazimwa saa kumi na mbili jioni. Bwana harusi mmoja alitubembeleza sana tuongeze saa mbili. Tulimwonyesha nani anayeingia uani saa moja, akanyamaza.

Nilete nini, nisilete nini?

Sweta, tochi, darubini kama unayo, viatu vya kufunga. Usilete maji ya chupa za plastiki. Tunachuja na kujaza chupa za glasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini bado kuna anayeficha mmoja chini ya begi.

Tufanye nini zaidi ya kukaa?

Baiskeli hadi Hell's Gate, hifadhi ya taifa tangu 1984, unakopita katikati ya punda milia bila gari. Kisiwa cha Crescent kwa kutembea kati ya twiga. Longonot kama magoti yanakubali. Au kaa.

Mwaka jana nililala chumba namba mbili. Naweza kukipata tena?

Cha pili ndiyo, andika tu unapohifadhi. Wanaouliza namba tatu, kile kilichokuwa mbele kabisa chenye veranda ya duara, tunasikitika. Ukitoka na boti asubuhi mwambie nahodha apunguze mwendo akipita safu ya migunga mikavu. Paa bado linaonekana. Mara ya mwisho tulipohesabu, lilikuwa na mnandi kumi na mmoja, wote wametandaza mabawa wakijianika.